Ngozi ya Gideoni na Zamu ya Maji

Somo la juma hili ni Waamuzi 6:36–40, na pembeni yake tutapitia Kutoka 16 na Luka 8. Mwenye Biblia aiweke karibu, na mwenye jembe asiliweke mbali.

Gideoni husemwa vibaya sana mimbarani. Amefanywa mfano wa mtu wa imani haba, anayempa Mungu mitihani. Mimi huwa najiuliza kama wanaomsema hivyo wamewahi kulima. Gideoni alikuwa mkulima. Malaika alimkuta akipura ngano kwa kujificha shinikizoni, mahali pa kukamulia zabibu, kwa kuwahofia Wamidiani waliokuwa wakivamia nchi kila watu walipopanda na kuharibu mazao yote. Basi anapomwomba Mungu ishara, anaomba ishara ya aina anayoielewa, nayo ni unyevu. Anaweka ngozi yenye sufu kwenye uwanja wa kupuria. Asubuhi anadamka, anaikamua kwa mikono yake, bakuli linajaa maji, na ardhi kandokando ni kavu.

Mwingine angeishia hapo akashangilia. Lakini sufu hunywa umande. Ngozi ingeweza kulowa yenyewe huku ardhi, ambayo bado ina joto la jana, ikibaki kavu, na mtu anayeamka alfajiri kila siku analijua hilo. Kwa hiyo usiku wa pili anaomba kinyume chake: ngozi iwe kavu, ardhi ilowe. Hilo ndilo lisilotokea hivihivi. Na Mungu hakumkemea. Gideoni mwenyewe aliogopa asije akamkasirisha Bwana, lakini sura yote haina neno la hasira juu ya mtu aliyetaka kushika kwa mkono kabla ya kutenda.

Nataka tukae na mkono huo, kwa sababu ndio tunaouhitaji mashambani msimu huu, huku kwetu Korogwe na kule Handeni.

Nianze na Handeni, ambako wengi wenu hamna mfereji wala zamu. Mnalima kwa mvua ya Mungu. Mvua ya kwanza ya vuli inaweza kumfanya mtu mwenye akili zake timamu akimbie shambani na mbegu. Imenyesha usiku kucha, vumbi limelala, hewa inanukia udongo, na jirani tayari yuko mstarini na kopo la mahindi. Katika hali hiyo kukaa nyumbani kunahitaji ujasiri.

Pale Kideleko, Handeni, nilimwona mama mmoja akifanya kazi ambayo ingefaa ifundishwe madarasani. Alichimba kishimo chembamba cha wima kwa jembe, akapiga goti, akaingiza kiganja ubavuni mwa kishimo na kushuka nacho polepole. Juu, kichanga chekundu kilishikamana vizuri. Vidole vinne chini, mstari ulionekana kama umechorwa: juu yake rangi iliyokolea, chini yake rangi ya vumbi. Akachota konzi chini ya ule mstari, akaibana, akafungua mkono. Ikamiminika yote katikati ya vidole.

“Bado, Baba Padri,” akasema. “Imelowa ngozi tu, mwili mkavu.”

Akafunga kopo lake la mbegu akarudi nyumbani, majirani wakiendelea kupanda.

Hesabu zinamuunga mkono. Kwa udongo wa kichanga tifutifu uliokauka, mvua ya milimita 10 huloanisha kiasi cha sentimita 10 hivi kwenda chini. Mmea mchanga wa mahindi, ndani ya wiki chache za kwanza, mizizi yake inatafuta sentimita 30. Ili unyevu ufike huko inahitajika mvua ya milimita 30 au zaidi, na hapo hujatoa kile ambacho jua la Oktoba litakipandisha. Mvua iliyoingia vidole vinne inatosha kuiotesha mbegu, lakini haitoshi kuikuza. Inaichipusha mbegu na kuiacha njiani, na mkulima anarudi dukani kununua nyingine kwa fedha aliyoitunza kwa ada ya mtoto.

Hapo ndipo ninapoipenda Injili ya Luka. Mfano wa mpanzi uko kwa Mathayo na Marko pia, na wote wawili wanaeleza mbegu iliyoangukia mwambani kwa habari ya jua kali na mizizi iliyokosa kina. Luka anataja kitu kingine: mmea ulikauka kwa sababu chini hapakuwa na unyevu. Mmea ule uliota, tena upesi. Mtu aliyepita barabarani siku hizo angesifu shamba.

Watu wa Handeni hawahitaji kuelezwa gharama ya kukosea hapo. Katika miaka ya 1830 njaa iliyotokana na ukame iliikumba nchi yao ya Uzigua, watu wakateremka pwani wakitafuta chakula, na wengi wakaishia utumwani majahazini, wakapelekwa Somalia. Waliotoroka huko walikwenda kulima katika bonde la Mto Juba, na lugha ya Kizigua ikaendelea kusemwa kando ya mto ule vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vilipoanza mwaka 1991, sehemu ya uzao wao ikavuka bahari kurudi Tanzania, ikapokewa Mkuyu na baadaye Chogo, humohumo Handeni, na wengi wakaja kupewa uraia. Fikiri mtu ameondolewa na ukame, uzao wake ukarejea baada ya miaka zaidi ya mia moja na hamsini, na swali la kwanza unalokutana nalo shambani ni lilelile la babu yao: je, mvua imeingia kina gani?

Sasa tuvuke kuja Korogwe. Huku mkono huohuo ukizamishwa ardhini unauliza jambo jingine, na kwa maoni yangu ni jambo gumu zaidi.

Mwenye mfereji hana shida ya kujua kama mvua imetosha. Maji yapo, yanatoka milimani Usambara, na siku ya zamu yake yatapita mlangoni pa shamba lake. Swali lake ni kama anayahitaji leo. Na hapa ndipo jicho linapodanganya kuliko Handeni. Tuta la nyanya juu limepauka na kufanya ganda lenye nyufa, saa saba mchana majani yamelala, na yeyote anayepita atakuambia, “Mzee, shamba lako linalia maji.” Fungua tuta hilo ubavuni, usawa wa mizizi, sentimita 15 mpaka 30 kwenda chini, ukute udongo ni baridi na umeshikamana. Majani ya mchana hulala kwa sababu jua linavuta kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kupandisha. Rudi saa moja asubuhi. Yakiwa yamesimama, mmea hauna kiu. Yakiwa bado yamelala asubuhi, hapo kweli umechelewa, au mizizi imeanza kuoza kwa maji mengi, maana mmea unaozama nao hunyauka.

Namna ya kupima nimeipata kwa bwana shamba, nami naitoa bure kama nilivyoipokea. Kwa udongo tifutifu, chota konzi kutoka kwenye mizizi, ibane iwe donge, lirushe juu kidogo ulidake. Lisipovunjika, na kiganja kikabaki na unyevu bila tone kutoka, funga maji uende ukafanye palizi. Likikaa donge lakini likameguka ukiligusa, zamu yako imekaribia kweli. Likikataa kabisa kuwa donge, hukupaswa kungoja mpaka leo. Kwa ule mfinyanzi mweusi wa mabondeni, usukume kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe: ukitoka mrefu na laini maji yapo, ukikatikakatika yanapungua. Ujue tu kwamba mfinyanzi ni bahili. Unaweza kuwa na unyevu mkononi, na bado maji yake yameshikwa kwa nguvu ambayo mzizi hauwezi kushindana nayo, kwa hiyo usiusubiri ukauke kama kichanga. Wenye mpunga kama wa skimu ya Mombo mna habari yenu. Wanaofuata kilimo shadidi hufukia bomba lenye matundu ndani ya jaruba, na kuingiza maji tena pale tu yanapokuwa yameshuka kama sentimita 15 chini ya uso wa udongo.

Kwa nini nasema ni jambo gumu zaidi? Kwa sababu mkono ukishajua kwamba chini kuna maji, kinachofuata ni kuyaacha yapite. Hapo wengi hatufiki.

Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni takriban lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Mtu aliyefungulia maji sentimita tatu kwenye ekari ambayo ilikuwa bado imelowa, amemwaga ndoo 6,000 zisizohitajika. Nyingi zinazama chini kupita mizizi, na zinaposhuka zinachukua ile mbolea ya kukuzia aliyoinunua kwa mkopo. Wiki ijayo majani yana umanjano, naye anasema shamba linataka maji zaidi. Nimewaona watu wakizunguka katika mduara huo msimu mzima, na si wajinga. Ukiwauliza wanakujibu vizuri kabisa: “Baba Padri, nikiiacha zamu hii sijui kama nitaipata ijayo.”

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike tafakari hii. Hakuna pale neno juu ya udongo. Mtu anamwagilia hofu yake.

Someni Kutoka 16. Waisraeli wanapewa mana jangwani, na kila mtu anaambiwa aokote kwa kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa mtu. Waliookota nyingi na waliookota kidogo wakapima, na hakuna aliyezidiwa wala aliyepungukiwa. Kisha wapo waliobakiza mpaka asubuhi, kinyume cha agizo, ikaingia mabuu na kunuka. Tumezoea kuwaita wachoyo. Lakini watu hawa walikuwa wametoka Misri juzi tu, walikokuwa watumwa, na mtumwa hana uhakika wa kesho. Anachokipata leo anakificha. Mungu aliwalisha hivyo kwa miaka arobaini. Nadhani ilihitajika miaka mingi kiasi hicho ili mkono uache kukomba. Na angalieni alivyokuwa makini: siku ya sita aliwaruhusu kuokota maradufu, kwa kuwa siku ya saba hakuna kitu. Hakuwaambia waamini tu wakati ratiba yenyewe ina pengo. Aliliziba pengo kwanza.

Kuna habari ya kutia moyo kutoka Iringa. Kuanzia mwaka 2013, wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi walishirikiana na watafiti wa hapa nchini na wa Australia katika mradi wa kupima unyevu wa udongo. Wanasayansi wa taasisi ya CSIRO ya huko Australia walikuwa wametengeneza kifaa kiitwacho Chameleon, na kweli kinabadilika rangi kama kinyonga. Vihisio vinafukiwa kwenye vina tofauti ardhini, mkulima anaunganisha kisomeo, na taa zinawaka: buluu udongo umelowa, kijani uko sawa, nyekundu umekauka. Hakuna kusoma wala kukokotoa. Mtu asiyekwenda shule anaona kama aliyefika chuo kikuu.

Kilichotokea ni kwamba wakulima waliona buluu siku ambazo kwa desturi wangefungulia maji. Wakaanza kuruka zamu. Mazao hayakushuka, kwa walio wengi yalipanda, maana mbolea sasa ilikaa kwenye mizizi. Na kwa kuwa wa juu walichukua kidogo, maji yakawafikia wa mwisho wa mfereji, na ugomvi wa maji ukapungua. Nimesuluhisha magomvi ya mfereji, ndugu zangu, ya usiku wa manane, ya mashina ya migomba yaliyofukiwa ndani ya maji ili kuyageuza. Kwangu mimi taarifa kwamba taa tatu za rangi zilipunguza ugomvi wa majirani ni habari ya kichungaji kabisa. Wala hamhitaji kungoja kifaa hicho kifike. Konzi ya udongo inasema karibu jambo lilelile.

Wa mwisho wa mfereji ni nani, basi? Tunafikiri ni yule mama wa shamba la chini. Lakini maji ya Mombo yakivuka mashamba huingia Mkomazi, na Mkomazi humwaga katika Mto Pangani. Mto huo unapita Korogwe, na ni upande huu wa Korogwe ambapo mradi wa maji uitwao HTM, uliojengwa miaka ya 1970, huyachota maji yake na kuyasukuma mpaka Handeni. Mto ukishapita hapo unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, na ya New Pangani Falls iliyoanza kazi mwaka 1995, kisha unafika mji wa Pangani, ambako mto ukipungua nguvu bahari inapanda na chumvi yake kuingia mashambani. Sisemi kila ndoo iliyookolewa Mombo inafika Handeni. Nyingine hurudi mtoni yenyewe kwa chini, nyingine huishia njiani. Nasema tu kwamba yule mama wa Kideleko aliyefunga kopo lake la mbegu, akienda kuchota maji bombani, anachota mto uleule tunaouchezea huku. Yeye ni jirani yetu wa mwisho wa mfereji, hata kama hatujui jina lake.

Nizungumze kidogo na Umoja wa Mama na wazee wa kanisa, kwa kuwa sisi pia tunamwagilia. Msiba ukitokea, wiki ya kwanza nyumba inafurika: unga, sukari, kuni, mikeka, kwaya, mapadri. Mjane hana hata nafasi ya kulia. Mwezi wa tatu, ndugu wa marehemu wamesharudi kwao, mwenye deni amekuja, mtoto amerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule, na mlango haugongwi. Tulimwaga siku ambayo ratiba ilitutaka tumwage. Naomba katika orodha yetu ya kutembelea wagonjwa na wafiwa tuongeze safu moja ya miezi mitatu baadaye, na anayekwenda aende mikono mitupu kwanza, akae, aulize, asikilize mpaka apite lile jibu la “tunamshukuru Mungu, hatujambo.” Lile jibu ni ganda la juu. Mizizi iko chini yake, na inachukua muda kufika.

Kisha nizungumze na wenyeviti na kamati za vyama vya wamwagiliaji, wale walio waumini wetu na wale ndugu zetu Waislamu wanaosoma karatasi hii kwa jirani. Mahali pengi desturi ni kwamba asiyechukua zamu yake ameipoteza, na ataingoja mpaka mzunguko uishe. Kwa desturi hiyo, mtu aliyepima udongo wake akakuta umelowa anaadhibiwa kwa uaminifu wake. Akiacha Jumanne kwa kuwa hahitaji, na Ijumaa jua likawa kali, hana pa kwenda. Nani atakayepima tena? Hata mimi nisingepima. Huwezi kumhubiria mtu aache hofu wakati kanuni mliyomwekea inamwambia aogope.

Naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya mkutano wenu kabla ya kiangazi. Anayeruka zamu kwa hiari aandikwe kwenye daftari la mgawa maji, na akija kuhitaji kabla mzunguko haujaisha apewe saa chache katika nafasi ya kwanza inayopatikana, bila kuombaomba na bila kumpa mtu chochote. Maji aliyoyaacha yaende moja kwa moja kwa wa mwisho wa mfereji, wala yasiishie kwa jirani wa juu mwenye sauti kubwa. Wenye mashamba ya chini wakubali nao kuchimba na kupima, maana nimewaona wanaolalamika ukame huku miguu yao inazama topeni. Jaribuni kwa msimu mmoja, kwenye mfereji mmoja tu. Mkihitaji mtu asiye na shamba hapo wa kushika daftari, katekista wetu yuko tayari, na ofisi ya parokia itatoa kalamu.